Ndugu wanauliza "lini mtatuletea mjukuu" na sisi bado tuko kwenye vipimo. Tujibuje?

Nyasaka_Juu

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri wa vitendo. Kumwomba Mungu tunamwomba, hilo halina shida.

Mimi na mke wangu tunaishi Mwanza mjini, kwetu ni Magu. Hatujajaliwa mtoto na tumeshaanza vipimo. Changu cha mbegu kilitoka chini ya kawaida, daktari akasema kirudiwe kabla hajasema lolote. Mke wangu anasubiri picha ya mirija ya uzazi. Kwa sasa kinachotukondesha ni midomo ya watu kuliko hospitali. Mimi nikifika nyumbani naulizwa kazi na bei ya sangara. Yeye anaulizwa tumbo. Mawifi, mashangazi, akina mama wa jumuiya, hadi fundi cherehani anayempima gauni: "Nikuachie nafasi ya tumbo?" Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mtu akijifungua, chini ya pongezi lazima atokee mmoja aandike "na wa Mwanza je?"

Mwezi wa kumi na mbili ukoo mzima unakutana nyumbani. Nataka maneno yenyewe ya kusema: kwa mama yangu, kwa mawifi, na kwa hao wa kundini. Na je, majibu ya vipimo tuwaambie au tunyamaze?

---

Mama_Igoma

Pole kaka, na wifi yetu mpe pole.

Anza kwa kutenganisha salamu na swali, maana wengi wanaumia kwenye salamu bure. "Watoto hawajambo?" ni salamu kama "za kwenu?" Jibu lake ni "hawajambo, nyie huku?" na mnaendelea. Wala si uongo, watoto wa kaka zako na wa dada zake ni watoto wenu. Anayejibu salamu hiyo kwa "aah, sisi bado hatujajaliwa" amefungua mlango ambao hakuna aliyeubisha, na sasa yule mtu inabidi aseme kitu. Saluni wakimuuliza "tukuite mama nani?" ataje jina la mtoto wa dada yake, au aseme "niiteni jina langu tu". Haya yaishe hapo.

Swali lenyewe sasa. Kabla ya kujibu angalia nani anauliza, maana jibu la fundi cherehani haliwezi kuwa jibu la mama mkwe.

Wa kupita njia, yaani fundi, konda, jirani wa kibaraza, muuza dagaa: "Mungu akijalia." Maneno mawili, sauti inashuka mwishoni, halafu anauliza kingine: "gauni nilifuate lini?" Kosa linalofanyika ni kuongeza "lakini". "Mungu akijalia, lakini unajua tumeenda hospitali..." Hapo umeshampa habari ya kubeba. Watu hubeba maelezo. Jibu fupi halina mpini wa kulishika.

Mawifi na marika: hawa watamwona tena kesho, na wengine wana nia njema kabisa. Kwao afunge kwa upole halafu ageuze mazungumzo kwenye jambo ambalo mwulizaji mwenyewe ana hamu nalo. "Hilo wifi tumeliweka kwetu wawili. Eeh, ile nyumba yako imefika linta?" Mtu ukimuuliza nyumba yake anasahau tumbo la mwenzie. Akirudi mara ya pili, arudie sentensi ileile, neno kwa neno. Ukibadilisha maneno anaona unajitetea, na anayejitetea anaendelea kuulizwa. Na kama ni wifi wa utani ajibiwe kwa utani: "ongeza ng'ombe kwanza, mlizoleta zilikuwa za kupikiwa tu." Wote wacheke, yaishe.

Wazee ni habari nyingine. Shangazi au mama mkwe huwezi kumwambia "hayo hayakuhusu". Kwetu kesi itahama siku hiyohiyo kutoka kwenye mtoto kwenda kwenye adabu, na hiyo mtashindwa. Mzee apewe jibu lenye heshima ambalo ndani yake limefungwa: "Mayu (yaani mama), tumekusikia. Jambo hilo tunalo mikononi, tunalihangaikia. Likipata habari, mwanao atakuletea mwenyewe." Tazama mwisho wake: habari italetwa na mwanawe. Wifi yetu hana la kuongeza.

Sasa wewe. Damu huongea na damu yake. Kwa ndugu zako msemaji ni wewe, kwa ndugu zake ni yeye. Usimwache mke akajibizana na mama yako hata kama anaweza, kwa sababu jibu lilelile likitoka kwako ni msimamo wa nyumba, likitoka kwake ni kiburi cha mkwe.

Nenda Magu kabla ya Desemba, peke yako, mchana, umkute mama akiwa ametulia. Usilimalize kwa simu, simu huwekwa sauti ya nje na chumba kizima kikasikia. Mwambie hivi: "Mama, habari ya mtoto ni yetu wote wawili. Tuko kwa daktari, na vipimo ni vya wote. Naomba tukija Desemba asiulizwe yeye. Mwenye swali anifuate mimi." Halafu nyamaza. Atauliza "shida iko kwa nani?" Jibu: "Iko kwetu." Akiuliza tena, "iko kwetu, mama." Kama unajua mama ni mgumu, mpitie shangazi yako mkubwa kwanza, yule ambaye neno lake mama hulisikia, na umwombe yeye ndiye awakanye mawifi. Wakikanywa na mkubwa wao haitaonekana mke amepeleka mashtaka.

Wanaume wengi huharibu kwa kukaa kimya. Mume akikaa kimya ukoo unahesabu kwamba amekubali kuwa shida ni mke. Siku mtu atakapotamka mbele yako kwamba mkeo ni mgumba, usiangalie chini. Sema: "Vipimo ni vya wawili, na daktari hajamtaja mtu." Huna haja ya kutoa karatasi yako.

---

Mwaloni

Naona mnazunguka sana. Waiteni wote, waambieni ukweli, majibu haya hapa, fulani mbegu chache, fulani anasubiri picha. Kila mtu ataona haya na maswali yatakwisha siku hiyohiyo. Kuficha ndiko kunakoleta umbea.

---

Mama_Igoma

Kaka Mwaloni, kwa familia ndogo yenye watu wasiri inawezekana. Kwa ukoo wa watu arobaini, maswali hayaishi, yanabadilika. Leo ni "lini?", kesho ni "dawa ile imesaidiaje?", na kila baada ya mwezi kuna mtu anapiga kujua kama hedhi imekuja. Kila aliyeambiwa ugonjwa anajiona amepewa kazi ya kutafuta dawa. Na habari haina kurudishwa: wakipata mtoto, bado kuna atakayekumbusha miaka kumi baadaye kwamba baba yake "alikuwa na mbegu chache".

Mwambieni mmoja au wawili, mliokubaliana wote wawili kwa majina, wa kuwabeba siku ngumu. Wengine wapewe sentensi.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Nakubaliana na Mama Igoma, na nina sababu ya kitabibu: Nyasaka, hadi sasa hamna majibu ya kutangaza.

Kipimo kimoja cha mbegu hakitoi hukumu. Mbegu huchukua siku sabini na kitu kutengenezwa, kwa hiyo malaria yenye homa kali ya miezi miwili nyuma bado inaonekana kwenye kikombe leo. Ndiyo maana hurudiwa baada ya kama miezi mitatu. Halafu kipimo hiki huharibika kirahisi. Kujizuia kunatakiwa kuwe siku 2 hadi 7, pungufu ya hapo wingi unashuka, zaidi ya hapo mbegu nyingi zinakuwa zimechoka. Shahawa yote iingie kikomboni, na kama tone la kwanza limemwagika sema kwa mtu wa maabara, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi. Usitumie sabuni, mafuta wala mate, na kondomu ya kawaida haifai kukusanyia. Ukiitolea nyumbani ifike maabara ndani ya nusu saa ikiwezekana, isizidi saa moja, ikiwa mfuko wa ndani wa shati karibu na mwili. Haiwekwi kwenye friji, haiachwi juu ya dashibodi juani. Kutoka Nyasaka na foleni ya asubuhi, ni bora kuitolea hospitali.

Na hiyo "kawaida" yenyewe isomwe vizuri. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 vinataja ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazotembea asilimia 42, na kati ya hizo zinazokwenda mbele ziwe asilimia 30 ya zote. Namba hizi zilipatikana kwa wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya miezi 12. Ni mkia wa chini wa kundi hilo, si wastani wake. Wapo walio chini yake wenye watoto. Sasa fikiria karatasi hiyo ikifika mikononi mwa wifi.

Angalizo kwa wanaume wote wanaosoma hapa: ukishaambiwa mbegu chache, atatokea mtu akuuzie sindano au vidonge vya testosteroni, homoni ya kiume, "vya kuongeza nguvu". Nguvu na mbegu ni vitu viwili tofauti. Homoni hiyo ikitoka nje, ubongo unaona ipo ya kutosha na unaacha kuamuru korodani zifanye kazi. Mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri, na kurudi kwake ni miezi.

Upande wa shemeji: picha ya mirija hupigwa siku ya 6 hadi ya 10 tangu siku ya kwanza ya hedhi, damu ikiwa imekata na yai halijapevuka, ili pasiwe na mimba changa. Dawa huingizwa kwenye kizazi na eksirei inaonyesha kama inapita kwenye mirija. Huuma kama tumbo la hedhi, kwa wengine zaidi. Aulize kama anaweza kumeza ibuprofeni saa moja kabla. Akiwa na uchafu wenye harufu au homa aseme mapema, maana picha ikipigwa juu ya maambukizi inayasukuma ndani. Mirija huziba zaidi kwa maambukizi ya zamani, klamidia na kisonono, au yale yanayofuata mimba kuharibika au uzazi, na mara nyingi mtu hakuwahi kuhisi chochote. Kwa kanda hii mtajieni daktari pia kama mmekulia mbali na ziwa, kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Kichocho cha ziwani mara nyingi ni kile cha utumbo na ini. Kile cha mkojo cha malamboni ndicho kinachoweza kujeruhi shingo ya kizazi na mirija. Dawa yake, prazikwanteli, huua minyoo, makovu haiyafuti.

Watakaomwambia "kizazi kimegeuka, kalale kifudifudi", kizazi kulala kwa nyuma ni umbile tu, hakizuii mimba.

Habari huvujia wapi? Mara nyingi si kwa daktari. Inavuja kwa kadi ya kliniki iliyoachwa juu ya kabati, kwa paketi ya dawa yenye maandishi, kwa picha ya majibu iliyotumwa WhatsApp kwa binamu aliyesomea ufamasia ili "atusaidie kusoma". Picha ikishatoka kwenye simu yako si yako tena. Majibu chukueni mkono kwa mkono, wawili mkiwa pamoja, na namba ya simu inayoandikwa kwenye faili iwe ambayo dada wa kazi hapokei. Mhudumu akitoa siri yenu, hilo ni kosa la maadili ya kazi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 habari za afya ni taarifa nyeti kisheria. Andikeni malalamiko kwa mganga mfawidhi.

---

Nyasaka_Juu

Asanteni sana, hasa hilo la kimya changu.

Naongeza mambo matatu ambayo yamejitokeza leo. Mama ametuma kifurushi cha dawa ya kusafisha kizazi, imekuja na basi. Pili, wanataka tumchukue binti wa kaka yangu, ana miaka saba, wanasema kulea mtoto kunafungua tumbo. Tatu, baba mdogo amedokeza habari ya "kuongeza jiko". Ndoa yetu ni ya kanisani.

---

Karani_Nyamagana

Nijibu la tatu, maana ndilo lenye sheria.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi. Ndoa inaweza kubadilishwa kutoka moja kwenda nyingine kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili mbele ya jaji au hakimu. Lakini ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haibadilishwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wanaendelea kuwa Wakristo. Kwa hiyo baba mdogo anachodokeza, kwenu hakipo kisheria. Atakayeletwa hatakuwa mke. Kwa wanaosoma ambao ndoa yao ni ya Kiislamu au ya kimila, hizo huchukuliwa kuwa za wake wengi au zinazoweza kuwa hivyo, na hapo mazungumzo ni tofauti.

Kukosa mtoto hakuvunji ndoa kwenyewe, na ukoo hauna mamlaka ya kuivunja. Talaka hutolewa na mahakama ikiridhika kwamba ndoa imevunjika isivyorekebishika, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo hutoa hati kwamba limeshindwa kupatanisha. Kikao cha wazee chini ya mwembe si baraza hilo.

Usimsomee baba mdogo sheria, lakini. Mtu mzima ukimtajia vifungu anaona umempeleka polisi. Mwambie: "Baba, nilikula kiapo mbele ya mashahidi na wewe ulikuwepo. Naomba tusilirudie." Sema mbele ya kaka yako au shahidi mwingine, ili pasiwe na toleo la pili la mazungumzo. Na mkeo asilisikie kwa wengine. Umwambie wewe, usiku huohuo, pamoja na ulichojibu.

---

Mama_Igoma

Karani kamaliza hilo. Mimi niseme ya kifurushi na ya mtoto.

Kifurushi pokeeni. Mpigie mama, "wabeja (asante) mayu, umefika salama." Kukirudisha ni tusi. Kupokea si kumeza. Akiuliza kama ameanza kunywa, wewe ndiye ujibu: "Daktari amesema tusichanganye na za kwake hadi amalize." Inaeleweka, kila mzee anajua dawa hazichanganywi. Asiitumie kwa kuosha ndani wala kujifukiza, Muuguzi atasema kwa nini.

Mtoto wa kaka: hapa msikimbilie ndiyo wala hapana. Kulea mtoto wa ndugu ni jambo la kwetu na wengi tumelelewa hivyo. Tatizo ni sababu. Akija "kufungua tumbo", amepewa kazi ambayo hawezi kuifanya. Mimba isipokuja watasema ana mkosi; ikija, watamrudisha kama sufuria ya kuazima. Jiulizeni: tungekuwa na watatu wetu, huyu tungemchukua? Kama ndiyo, kaa na kaka yako na mkewe, si na mama peke yake. Mama mzazi wa binti aulizwe na akubali kwa kinywa chake. Mkubaliane ni kwa muda gani, ada na sare nani analipa, likizo anakwenda wapi, akiugua nani anaamua. Uhamisho wa shule ufanywe mwisho wa mwaka asikatishwe katikati ya muhula. Na mtoto aambiwe anakuja kusoma Mwanza, mbele ya wanaosema lile lingine. Kama jibu ni hapana, sema "mwaka huu hatuna nafasi" na usieleze.

La kundini. Usijibu pale. Weka pongezi kwa mzazi, kwa jina lake, basi. Halafu mfuate pembeni aliyeandika: "Shangazi, nimeona swali lako. La kwetu niulize mimi huku, kundini tuache pongezi za mwenye mtoto." Mara nyingi huishia hapo, watu huandika kundini kwa sababu wana hadhira. Mke wako anyamazishe kundi, asitoke, maana kutoka kunatangazwa na kesho yake ni kikao.

Kanisani kuna jambo moja linaloumiza zaidi ya umbea: "wanaotafuta mtoto wapite mbele." Muoneni mchungaji au mwenyekiti wa jumuiya mapema, mwombe asimtaje wala kumwita. Wakatoliki mnaweza kutoa nia ya misa ikaandikwa "nia ya familia" bila jina wala shida.

Bebi shawa na arobaini asilazimike. Mchango utumwe mapema, kabla ya siku, ili kutokuwepo kwake kusiitwe wivu. Akienda aende saa ya kwanza na aondoke kabla ya kufungua zawadi, maana hapo ndipo hutajwa "zamu inayofuata". Wakimwekea mtoto mapajani "akuambukize", kama moyo unataka ampokee, kama hautaki "mikono ina mafuta, nimetoka kugeuza samaki".

Desemba yenyewe. Lala usiku mbili, usikae wiki. Fika na usafiri ambao mnaweza kuondoka nao wakati wowote. Mahojiano hayafanyiki mezani mbele ya wanaume. Yanafanyika jikoni jioni, wanawake wanapochambua mchele na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iko jikoni inachemka, wanaume mko nje na redio. Kwa hiyo usikae nje saa tatu mfululizo. Ingia, omba maji, uliza chumvi. Mpatane neno moja la kawaida, mfano akikuuliza "umeiona chaja yangu?" maana yake nitoe hapa, na wewe unamwita kweli, kuna mgeni anataka kumsalimia. Apewe na shangazi kazi yenye kutembea, kugawa chai, kunawisha watu mikono. Aliyekaa chini anamenya ndiye anayekamatika.

Na usiku mkilala msirudie kila neno lililosemwa. Akitaka kusema asikilizwe, asipewe suluhisho.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Sababu ya kutoosha ndani: uke una bakteria wake walinzi, ukiuosha kwa majani, ndimu au sabuni unawafukuza na maambukizi yanapata njia ya kupanda hadi kwenye mirija, ambayo ndiyo tunataka ibaki wazi. Kizazi hakihitaji kusafishwa, hedhi inatosha. Za kunywa, tatizo ni kwamba hatujui kilichomo wala kipimo chake, na daktari akimpa dawa ya kupevusha mayai mwezi ujao hatajua kipi kimefanya nini. Leteni kifurushi kliniki, au andikeni majina ya mizizi kama mama anayajua. Hamtafokewa. Na kama atakayekuhudumia anafoka, ombeni mwingine.

Jambo jingine la kichwani mwako tu: Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba mtu mzima 1 kati ya 6 hupitia ugumba wakati fulani wa maisha yake. Kwa ukoo wenu wa watu arobaini, wapo wengine kwenye kikao hicho wanaokaa kimya kama ninyi. Huenda hata kati ya wanaouliza.

---

Nyasaka_Juu

Swali la mwisho, Muuguzi. Nikihesabu, siku ya 6 hadi 10 ya mke wangu inaweza kuangukia wiki ileile ya sikukuu. Tufanyeje, tuahirishe Magu au picha?

---

Muuguzi_wa_Zamu

Mkuu, pigeni simu idara ya eksirei sasa hivi muulize siku wanazofanya kipimo hicho wiki hiyo. Hospitali nyingi za hapa hubaki na zamu ya dharura tu kwenye sikukuu, na hiki si cha dharura. Kama wanafanya, picha itangulie, na siku hiyo asisafiri kwa gari la kubanana, kunaweza kutoka matone ya damu na maumivu hadi kesho yake. Kuanzia siku ya kwanza ya hedhi hadi picha ipigwe mjizuie kukutana. Akipata homa, maumivu yanayozidi au uchafu wenye harufu siku chache baadaye, arudi hospitali bila kusubiri sikukuu ziishe.

Kama hawafanyi, subirini hedhi inayofuata. Mwezi mmoja hauharibu kitu, isipokuwa shemeji ana miaka 35 au zaidi, hapo mwambieni daktari ili asisogeze na vingine. Na kipimo chako cha marudio kipange mbali na Desemba kama utakunywa, au ujizuie pombe kabisa hadi Machi na upime wakati huo.

Nyumbani wakiuliza kwa nini mmefika tarehe 27 badala ya 24, gari lilikuwa gereji.